Kibali cha bastola na mipaka ya majimbo ya Marekani



Ndugu wasomaji, Ijumaa mbili zilizopita, baada ya sala ya Alasiri, alitujia mzee mmoja mwenyeji wa Tanga, simu yake mkononi na uso wa mtu ambaye halali vizuri. Akatuambia: "Sheikh, mwanangu yuko Columbus, Ohio, mwaka wa tisa sasa, anaendesha malori. Ana mke na watoto wawili. Juzi ameniambia amenunua bastola, na serikali imempa kibali cha kuichukua ikiwa imefichwa chini ya nguo. Mwezi ujao wanakwenda arusini New Jersey kwa gari yao wenyewe, tena kwa safari ya usiku, na anasema bastola hiyo ataichukua. Nimemwambia asifanye haraka. Ananijibu: baba usihofu, mimi nina kibali. Nimekuja kukuuliza, kibali hicho kinamtosha?"

Tulimwomba mzee wetu atupe muda, kwa kuwa mwenye kujibu asilolijua humponza muulizaji na kujiponza mwenyewe. Tukasoma, tukawauliza wenye kuzijua sheria za nchi ile, na tuliyoyapata tumeona si vyema yabaki kwa mzee mmoja. Nyumba nyingi za Tanga, Dar es Salaam, Mombasa, Lamu na Unguja zina kijana aliyeko Marekani, na wengi katika vijana hao wanafanya kazi za barabarani zinazowavusha kutoka jimbo hadi jimbo. Jambo ambalo huku laonekana dogo, kule limewatia gerezani watu waliokuwa wakiamini kwa moyo safi kwamba wanatii sheria.

NCHI MOJA, SHERIA NYINGI

Kwanza tumpe kijana huyu udhuru wake. Yeye amelelewa katika nchi ambazo kibali cha serikali ni kibali cha nchi nzima. Mwenye cheti cha silaha alichokipata Nairobi haulizwi cheti kingine afikapo Mombasa. Basi mtu aliyezoea hivyo, akipewa kibali Ohio chenye muhuri na picha yake, ni wepesi kwake kudhani kwamba amepewa na Marekani. Ukweli ni kwamba amepewa na Ohio.

Marekani ni muungano wa majimbo 50, na kila jimbo lina bunge lake, polisi wake na mahakama zake. Serikali kuu iliyoko Washington inazo sheria zake kuhusu watu wasioruhusiwa kumiliki silaha na kuhusu biashara ya silaha, lakini haitoi kibali cha raia wa kawaida kuchukua silaha iliyofichwa katika nchi nzima. Askari polisi na wale waliostaafu wana sheria yao ya mwaka 2004 inayowaruhusu kuvuka na silaha kwa masharti, lakini sheria hiyo haimhusu dereva wa lori. Leseni ya udereva ya Ohio humfikisha mtu California bila ya swali. Kibali cha bastola hakina nguvu hiyo.

Tofauti kati ya jimbo na jimbo ni kubwa mno. Vermont haijapata kumtaka mtu kibali cha kuchukua bastola. Kufikia mwaka 2024, majimbo 29 yalikuwa yameruhusu mtu mzima asiye na kizuizi cha kisheria kuchukua silaha iliyofichwa bila ya kibali chochote. Ohio yenyewe iliingia katika kundi hilo Juni 2022. Kijana wetu hakulazimika kukitafuta kibali ili atembee nacho Columbus. Alihudhuria mafunzo ya saa nane, akaomba kwa sherifu wa kaunti yake na kupewa kibali cha miaka mitano kwa sababu alijua kuwa kazi yake ni ya safari, na kwamba asiye na kibali kabisa hana cha kuonyesha nje ya jimbo lake. Katika hilo alifikiri vizuri. Aliloghafilika nalo ni kwamba yapo majimbo ambayo kibali hicho hayakitazami.

Wapo pia wanaosema kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha kuyaondoa hayo yote. Maneno hayo yana asili, ila yamezidishwa. Tarehe 23 Juni 2022 mahakama hiyo, kwa kura sita dhidi ya tatu, iliibatilisha sheria ya New York iliyomtaka mwombaji athibitishe haja maalumu ya kuchukua silaha kabla ya kupewa kibali. Hukumu hiyo ilikuwa kubwa, na majimbo mengine yaliyokuwa na sharti kama hilo, New Jersey ikiwemo, yalilazimika kuliacha. Lakini mahakama haikuondoa vibali vyenyewe. Jimbo linaweza kuendelea kudai kibali, mafunzo na uchunguzi wa rekodi ya mwombaji, na wala hukumu haikusema kwamba kibali cha jimbo moja ni kibali cha majimbo yote.

KUTAMBUANA KWA MAJIMBO

Kibali kinapovuka mpaka, huvuka kwa kutambuliwa tu. Yapo majimbo yanayotambua vibali vya majimbo yote. Yapo yanayotambua vibali vya baadhi, kwa orodha inayotangazwa na mwanasheria mkuu wa jimbo au na polisi wa jimbo. Tena yapo yasiyotambua kibali cha jimbo lolote jingine, na miongoni mwa hayo ni California, Illinois, Maryland, New York na New Jersey.

Orodha hizi zina mambo mawili yanayowaponza wasafiri. La kwanza ni kwamba hubadilika. Jimbo lililokitambua kibali chako mwaka jana huenda limelegeza au limekaza masharti mwaka huu. La pili ni kwamba baadhi ya majimbo hutazama mtu anaishi wapi. Michigan, kwa mfano, humtambua mgeni aliyepewa kibali na jimbo analoishi, lakini haimtambui aliyekwenda kuomba kibali katika jimbo asiloishi. Aidha, hata pale kibali kinapotambuliwa, mgeni hufuata sheria za jimbo alilofika wala si za jimbo alilotoka.

Mtu anaweza kuuliza kama jimbo lina haki ya kumlazimisha mpita njia atafute kibali chake. Mahakama ya juu ya jimbo la Massachusetts ililitazama suala hilo Machi 2025, katika kesi za watu waliotoka New Hampshire jirani. Ilisema kwamba sheria ya zamani, iliyowapa polisi uhuru wa kumpa au kumnyima mgeni kibali kama walivyoona, haikupatana na Katiba. Lakini ilisema pia kwamba sheria mpya, inayolazimu kumpa kibali mgeni aliyetimiza masharti, ni halali, na kwamba mgeni anaweza kutakiwa akipate kabla ya kuingia na silaha. Basi mpaka upo, na mahakama zimeutambua.

YALIYOMPATA MAMA WA PHILADELPHIA

Tumeona tulieleze tukio moja kwa kirefu kidogo, maana mfano hufundisha kuliko hoja. Philadelphia iko Pennsylvania, na ng'ambo ya mto ni New Jersey. Watu huvuka daraja asubuhi kwenda kazini na kurudi jioni. Oktoba 2013 mama mmoja wa Philadelphia, mlezi wa watoto wawili, alivuka na gari yake kuelekea upande wa Atlantic City. Polisi akamsimamisha kwa kosa dogo la kubadilisha njia barabarani. Mama yule alikuwa na bastola aliyoinunua kihalali na kibali halali cha Pennsylvania. Kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, alimwambia polisi mwenyewe kwamba anayo bastola na anacho kibali.

Alitiwa mbaroni papo hapo. Alikaa kizuizini siku zipatazo 40 kabla ya kupata dhamana. Sheria ya New Jersey ilimkabili na kifungo kisichopungua miaka mitatu na nusu, na sheria hiyo ilikuwa imemfunga hakimu mikono. Habari zake zilipoenea na watu wengi wakamhurumia, mwaka 2014 mwanasheria mkuu wa jimbo alitoa mwongozo mpya kwa waendesha mashitaka kuhusu wageni wa namna yake, akaingizwa katika utaratibu wa marekebisho badala ya jela. Aprili 2015 gavana Chris Christie akamsamehe kabisa.

Msomaji atasema, basi mwisho ulikuwa mwema. Ndiyo, lakini tuhesabu gharama. Mama alitenganishwa na watoto wake, akaishi mwaka mmoja na nusu akiwa hajui kama atafungwa, na aliokolewa na msamaha, si na kibali. Si kila mtu husikika mpaka kwa gavana.

SHERIA YA MWAKA 1986

Ipo sheria ya serikali kuu ambayo husemwa sana na wenye silaha wanaosafiri. Ilitiwa saini na Rais Ronald Reagan Mei 1986, na ndani yake kimo kifungu cha kumlinda mpita njia. Maana yake ni hii: mtu anayetoka mahali anaporuhusiwa kisheria kuwa na silaha na kuichukua, akielekea mahali pengine anaporuhusiwa vilevile, anaweza kupita katikati ya jimbo lisilomruhusu. Sharti ni kwamba silaha isiwe na risasi ndani yake, na silaha pamoja na risasi zisiwe mahali panapofikika kutoka pale wanapokaa abiria. Ziwekwe katika buti. Gari isiyo na buti iliyotengana, silaha na risasi zifungiwe ndani ya sanduku lenye kufuli, na kisanduku cha dashibodi au kile cha katikati ya viti havihesabiwi kuwa sanduku.

Tuyapime maneno hayo kwa safari ya kijana wetu. Anatoka Ohio, ambako anaruhusiwa. Njiani atapita Pennsylvania, ambayo ina orodha yake ya vibali inavyovitambua. Lakini mwisho wa safari yake ni New Jersey, na huko ndiko asikoruhusiwa kuichukua bastola kwa kibali cha Ohio. Kifungu cha 1986 humlinda anayepita, hakimlindi anayefika. Lau angekuwa anakwenda Vermont na New Jersey iko njiani tu, bastola ikiwa tupu na imefungiwa katika buti, angekuwa na hoja ya kusimama nayo. Kwa safari ya arusi ya New Jersey hana hoja hiyo, hata akiifungia bastola kwa makufuli saba.

Hata anayepita, ulinzi wake ni mwembamba. Mwaka 2005 msafiri mmoja wa Utah alikuwa akisafiri kwa ndege kupitia Newark, New Jersey, akielekea Pennsylvania. Silaha yake aliitangaza na kuifungia katika mizigo kama inavyotakiwa. Akakosa usafiri wa kuunganisha, akapewa mizigo yake, akalala hotelini. Asubuhi aliporudi uwanjani na kuitangaza tena silaha, alikamatwa. Mashitaka yalifutwa baadaye, lakini alipodai haki yake mahakamani, mahakama ya rufaa mwaka 2010 ilimwambia kwamba usiku ule hotelini silaha ilikuwa mahali anapoweza kuifikia, kwa hiyo ulinzi wa kifungu kile ulimtoka. Usiku mmoja ambao hakuupanga ulimtoa katika ulinzi wa sheria.

NDEGE, SHULE, POSTA NA MISIKITI

Kwa kuwa tumetaja ndege, tuongeze kwamba kibali cha jimbo lolote hakimruhusu abiria kupita na bastola katika ukaguzi wa uwanja wa ndege. Silaha husafiri katika mizigo ya chini tu, ikiwa tupu, ndani ya sanduku gumu lililofungwa kwa kufuli, na hutangazwa kaunta wakati wa kukabidhi mizigo. Mwaka 2024 wakaguzi wa viwanja vya Marekani walikamata silaha 6,678 katika mikoba ya abiria, na zaidi ya asilimia 90 zilikuwa na risasi ndani. Wengi husema walisahau. Faini haimwachi mtu kwa kusahau.

Kuhusu shule, sheria ya serikali kuu inakataza silaha ndani ya futi 1,000 za shule, yaani takriban mita 300. Mwenye kibali amesamehewa, lakini kibali kinachotajwa ni kile kilichotolewa na jimbo ilimo shule yenyewe. Hivyo mgeni mwenye kibali kinachotambuliwa na jimbo anaweza kuwa salama kwa polisi wa jimbo na akawa na kosa kwa sheria ya Washington, naye hajafanya ila kupita mbele ya shule. Silaha tupu iliyofungiwa ndani ya sanduku haina tatizo hilo. Posta na majengo mengine ya serikali kuu nayo hayaruhusu silaha za raia, hata kama jimbo zima linaruhusu.

Ama misikiti, hapa suala linatugusa sisi moja kwa moja. Ohio hairuhusu mwenye kibali kuingia na silaha katika nyumba ya ibada isipokuwa wasimamizi wake wamekubali. Mtu hawezi kusema kwamba msikiti ni wake na akaingia nayo Ijumaa chini ya kanzu. Tunajua kwamba baada ya mauaji ya msikiti wa Quebec mwaka 2017 na misikiti ya Christchurch mwaka 2019, Waislamu wengi wa Magharibi wameingiwa na hofu, na hofu hiyo haina wa kulaumiwa isipokuwa waliofanya uovu ule. Lakini ulinzi wa msikiti ni amana ya kamati yake, hupangwa kwa mashauriano na polisi, haupangwi na kila muumini peke yake. Mtume wetu (SAW) alimwamuru anayepita msikitini au sokoni na mishale aishike ncha zake asije akamdhuru mtu. Silaha katika mkusanyiko wa watu ni dhamana, na dhamana ina adabu zake.

MBELE YA POLISI USIKU

Mzee wetu alituuliza pia: akisimamishwa, aseme au anyamaze? Hapa tena majimbo yanatofautiana. Michigan humlazimisha mwenye silaha amjulishe polisi mara moja. Ohio ilikuwa hivyo, lakini tangu Juni 2022 analazimika kusema anapoulizwa. Ndiyo maana msafiri anapaswa kujua sheria ya kila jimbo analolipita, kwa kuwa ukimya unaofaa upande mmoja wa mto ni kosa upande wa pili.

Lakini sheria ni jambo moja na hofu ya usiku ni jambo jingine. Tarehe 6 Julai 2016, katika kitongoji cha Falcon Heights, Minnesota, kijana mweusi aitwaye Philando Castile alisimamishwa na polisi. Alikuwa na kibali halali, na alimwambia polisi kwa heshima kwamba ana silaha. Sekunde chache baadaye alipigwa risasi akiwa kitini, mbele ya mchumba wake na mtoto wa kike wa miaka minne aliyekaa nyuma. Polisi yule alishitakiwa, na Juni 2017 baraza la mahakama likamwachia huru. Hatulitaji tukio hili ili kuwachukia polisi, ambao wengi wao wanafanya kazi ngumu. Tunalitaja kwa sababu kijana wetu ni mweusi pia, ana matamshi ya kigeni, naye anataka kusafiri usiku na watoto wake nyuma ya kiti. Bastola aliyoichukua kwa ajili ya kuwalinda inaweza kuwa ndiyo inayowaletea hatari.

Wanaowafundisha wenye vibali husisitiza mambo yafuatayo: mikono iwe juu ya usukani, taa ya ndani iwashwe, mtu asinyooshe mkono popote kabla hajaambiwa, na asiseme neno "bastola" huku mkono ukielekea mfukoni. Aseme kwanza, angoje amri, ndipo atende.

LILILO ZITO KULIKO YOTE

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo mzee wetu hakulijua, na kwa maoni yetu ndilo lililo zito zaidi kwa wasomaji wa ukurasa huu. Raia wa Marekani akihukumiwa kwa kosa la silaha hufungwa, kisha hutoka akarudi nyumbani kwake. Mgeni si hivyo. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inasema kwamba mgeni aliyehukumiwa kwa kosa la kununua, kumiliki au kuchukua silaha kinyume cha sheria anaweza kurudishwa kwao, na mwenye ukaazi wa kudumu ni miongoni mwa wageni hao madhali hajawa raia. Tulipomuuliza mzee hali ya mwanawe, alisema ana ukaazi wa kudumu, uraia bado anaungoja. Watoto wake wawili wamezaliwa kule, na kwa hiyo ni raia. Kosa moja la barabarani linaweza kumrudisha baba Tanga na kuwaacha watoto Columbus.

Wapo walio katika hali nyembamba zaidi. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa na sheria ya serikali kuu kumiliki silaha. Lakini asiye na idhini ya kuishi nchini haruhusiwi kabisa, na walioingia kwa viza za muda, kama wanafunzi na wageni wa matembezi, hawaruhusiwi isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa katika sheria, kama vile kuwa na leseni ya uwindaji. Hata kuishika bastola ya rafiki katika uwanja wa kulenga shabaha kunaweza kumtia matatani. Wazazi wenye vijana vyuoni Marekani wawaambie jambo hili kwa uwazi, kwa kuwa marafiki zao Wamarekani hawalijui. Kwao ni mchezo wa siku ya Jumamosi.

Wanazuoni wa fiqhi wamefafanua tangu zamani kwamba Muislamu aliyeingia katika nchi kwa amani aliyopewa na wenyewe, amani hiyo ni ahadi juu yake, na ahadi hutimizwa. Kwa hiyo kutii sheria ya jimbo analolipita si kuogopa polisi tu. Ni sehemu ya dini yake.

JE, SHERIA ITABADILIKA?

Baadhi ya vijana husema kwamba sheria moja ya nchi nzima i karibu kupitishwa, hivyo hapana haja ya kuhangaika. Ni kweli kwamba imejaribiwa mara kadhaa. Aprili 2013 pendekezo la majimbo yote kutambuana lilipata kura 57 katika Seneti, nalo lilihitaji 60. Desemba 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa namna hiyo kwa kura 231 dhidi ya 198, lakini Seneti haikuupitisha. Januari 2025 muswada ukarudishwa tena barazani. Wanaouunga mkono husema kwamba haki ya kujilinda haipaswi kukatika mpakani. Wanaoupinga, wakiwemo wakuu wengi wa polisi wa miji mikubwa, husema kwamba jimbo lenye masharti magumu litalazimika kuwapokea watu wa jimbo lisilo na masharti. Ni mjadala wa Wamarekani na wao ndio watakaoumaliza. Msafiri hasafiri kwa muswada, husafiri kwa sheria iliyopo siku anapowasha gari.

JIBU LETU KWA MZEE

Basi tulimjibu mzee wetu hivi. Kibali cha mwanawe ni halali, na kinamtosha Ohio na katika majimbo yanayokitambua. New Jersey hakimtoshi. Asiye mkaazi anaweza kuomba kibali cha New Jersey chenyewe, lakini ni ombi lenye masharti na muda wake, si la kufanywa wiki ya arusi. Kwa safari hii bastola ibaki nyumbani, itolewe risasi, ifungiwe ndani ya kasha la chuma, na risasi zifungiwe mbali nayo. Kabla ya kuondoka alipekue gari na mabegi, kwa kuwa risasi zilizosahauliwa nazo huleta maswali: New Jersey ina makatazo yake hata juu ya aina za risasi. Wasafiri mchana badala ya usiku, walale njiani wakichoka, na simu iwe na chaji. Safari zake za lori aziulizie kwanza kwa mwajiri, kwani makampuni mengi huwakataza madereva silaha, kisha atazame jimbo moja baada ya jingine. Akiwa na shaka amuulize wakili wa jimbo husika, asimuulize rafiki. Na ombi lake la uraia aliharakishe.

Jumatano iliyopita mzee alirudi kwetu. Alituambia kwamba mwanawe alinyamaza kwa muda mrefu kwenye simu, kisha akasema: "Baba, mimi nilikuwa naogopa majambazi. Sikujua kwamba ningeweza kuwapoteza watoto kwa karatasi niliyodhani inanilinda." Bastola imebaki Columbus, na safari wameipanga asubuhi ya Ijumaa, ili sala ya adhuhuri iwakute Pennsylvania.

Tunawaomba wazazi msome makala haya na vijana wenu walioko kule, hata kama mnadhani hawana silaha. Ulizeni kwa upole, maana kijana akikaripiwa huficha. Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu wote, awafikishe salama na awarudishe salama. Amin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane Ijumaa ijayo, Insha Allah.